Kabla Hujakabidhi Gemu Yako ya Zamani: Mwongozo wa Kuchagua Studio ya Kuifufua

Ujumbe ni uleule kila mwezi, hubadilika jina la mtumaji tu. "Kaka, kuna RPG niliyokua nayo, nataka irudi. Nimpe studio gani?" Mwingine ana gemu aliyoiandika mwenyewe akiwa chuoni, imebaki kwenye CD yenye mikwaruzo. Mwingine ana mjomba Canada mwenye pesa kidogo na hamu kubwa. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye WhatsApp nikiwa juu ya boda, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Naongelea RPG tu, zile gemu ambazo unavaa uhusika, unapanda ngazi, unabeba mkoba wa silaha na dawa, na unapiga soga na kijiji kizima kabla ya kwenda kupambana na zimwi. Gemu za mpira na za magari zina shida zake na sizigusi.

Haya nimeyajua kwa kulipia. Mwaka 2006 tulikuwa watatu katika hosteli moja Kikoni, Kampala, tukaandika RPG ndogo ya kijana anayepanda milima ya Rwenzori kutafuta dawa ya mama yake. Tuliiuza kwa CD kwenye vibanda vya fotokopi Wandegeya. Miaka ikapita, watu wakaanza kuiulizia, tukatafuta studio. Ya kwanza ilituonyesha video ya sekunde 90: jua linazama nyuma ya Rwenzori, nyasi zinapepea, ngoma inalia kwa mbali. Mwenzetu mmoja alitokwa na machozi. Tukalipa siku hiyohiyo. Miezi 8 baadaye kijana wetu aliweza kutembea kwenye zile nyasi vizuri sana, lakini hakuweza kufungua sanduku. Hakuwa na mkoba wala mtu wa kuzungumza naye.

Viwe mezani kabla hujaanza

- Karatasi za haki: mikataba, barua, usajili, chochote kinachoonyesha gemu ni ya nani.
- Nakala ya gemu inayocheza, hata kama ni kwenye kompyuta kuukuu ya Windows XP. Rekodi video ya mtu akiicheza mwanzo hadi mwisho.
- Msimbo chanzo (source code, maandishi ya programu yenyewe), picha za asili, muziki wa asili. Kama huna, andika wazi kwamba huna.
- Bajeti ya namba 2: unayoweza kulipa, na ile ambayo ukiivuka unauza kiwanja.
- Mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Mkiwa ndugu watatu mnaoamua kwa kura, studio itawazungusha, au nyinyi mtaizungusha.
- Ukurasa mmoja wa vitu visivyoguswa. Wetu ulikuwa na vitu 6, na kimojawapo ni bibi muuza dawa anayekutukana ukirudi mara ya tatu bila pesa.

Hatua ya 1: Thibitisha haki ni za nani

Kama gemu si yako, hakuna studio ya maana itakayokusikiliza, na itakayokusikiliza ikimbie. Kuipenda gemu tangu utotoni hakukupi haki yoyote juu yake.

Haki za gemu za zamani hupotea njiani kama mizigo ya basi. System Shock 2 ya 1999 ni mfano mzuri: studio iliyoitengeneza, Looking Glass, ilifungwa mwaka 2000, na mtengenezaji gemu Stephen Kick alipoanza kuifuatilia mwaka 2012 alikuta haki ziko kwa kampuni ya bima, huku jina la biashara likiwa kwa Electronic Arts. Alizungumza na pande zote mbili, gemu ikarudi sokoni mwaka 2013, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa Nightdive Studios.

Kwa gemu ya nyumbani, anza na wenzako mlioiandika. Kila mmoja asaini kwamba haki zimehamishiwa kwenye kampuni au kwa mtu mmoja, pamoja na yule aliyepiga zeze kwenye wimbo wa mwanzo. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya 2006 inazilinda programu za kompyuta, na URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ndiyo inayosajili hakimiliki na alama za biashara. Mlipe wakili asome karatasi zako mara moja. Itakuwa pesa ndogo kuliko zote utakazotoa katika safari hii.

Hatua ya 2: Ita kazi kwa jina lake

Watu husema "kufufua" wakimaanisha kazi nne tofauti, na kila moja ina fundi wake.

Kuhamisha ni kuichukua gemu ileile ikacheze kwenye simu au kompyuta za leo. Kung'arisha ni kubakiza moyo wa gemu na kubadilisha sura. Oblivion ya 2006 iling'arishwa hivyo na Virtuos pamoja na Bethesda ikatoka Aprili 2025, Unreal Engine 5 (injini, yaani programu ya kuendeshea gemu) ikichora picha huku mitambo ya zamani ikiendelea kufanya kazi chini yake. Kujenga upya ni kuanza na msingi mtupu, kama Final Fantasy VII ya 1997 iliyorudi mwaka 2020. Kuendeleza ni kutengeneza sehemu mpya ya hadithi, na hapo kila mtu anaitaja Baldur's Gate 3 ya 2023.

Andika neno moja kati ya hayo manne juu ya ukurasa wako. Ukishindwa kuchagua, hujawa tayari kuita studio.

*Angalizo:* fundi hodari wa kuhamisha si lazima awe hodari wa kujenga upya. Knights of the Old Republic ya 2003 ilitangazwa Septemba 2021 kwamba inajengwa upya na Aspyr, studio yenye jina kubwa kwa kuhamisha gemu za wengine kwenda Mac na simu. Mwaka uliofuata kazi ikaripotiwa kukwama na kupelekwa kwa mafundi wengine chini ya Saber Interactive. Anayejua kubeba nyumba hadi kiwanja kingine hajathibitisha kwamba anajua kuchimba msingi.

Hatua ya 3: Kagua mabaki

Fungua kila CD, kila flashi, kila barua pepe ya zamani. Usiseme "msimbo upo kwa fulani" mpaka uuone ukiwa wazi kwenye skrini yako. Beamdog waling'arisha Baldur's Gate, Icewind Dale na Planescape: Torment, lakini Icewind Dale II waliiacha kwa sababu msimbo chanzo haukupatikana. Square Enix walipotaka kutoa Kingdom Hearts ya 2002 kwa picha kali zaidi, walikuta data nyingi za asili zimepotea ikabidi watengeneze upya. Kama makampuni yenye maghala na walinzi hupoteza, sembuse sisi wa hosteli.

Mabaki haya yanaweza kukubadilishia jibu la Hatua ya 2. Bila msimbo, kung'arisha mara nyingi kunageuka kujenga upya, na bei inageuka nayo.

Hatua ya 4: Tengeneza orodha fupi

Studio 5, zisizidi. Usianze na wanaopiga kelele mtandaoni. Anza na gemu zilizokwisha kutoka, urudi nyuma uone nani alizitengeneza.

Kigezo changu cha kwanza ni hiki: je, wamewahi *kumaliza* RPG? Hata ndogo, hata mbovu kidogo. RPG iliyomalizika ina mamia ya vitu vinavyotegemeana, na aliyevuka mto huo mara moja anajua mamba wamelala wapi. Larian ya Ubelgiji haikupewa Baldur's Gate 3 kwa sababu ya video tamu. Ilikuwa imetoa Divinity: Original Sin mwaka 2014 na ya pili mwaka 2017, zote za kupigana kwa zamu na kundi la wahusika wanaobishana, yaani kazi ya ukoo uleule.

Je, utafute Kampala au nje? Ukweli ni kwamba vijana wa hapa wenye RPG kamili mkononi ni wachache. Wapo wachoraji wazuri, wapo waandishi wa msimbo wazuri, wengi wao utawakuta kwenye vituo vya ubunifu vya Ntinda na Nakawa. Nairobi napo hapako mbali. Na usikubali kuambiwa Afrika haijafanya hili: Kiro'o Games ya Yaoundé, Cameroon, ilitoa Aurion mwaka 2016, RPG ya mapigano iliyosimama kwenye hadithi na mavazi ya kwetu. Kwa gemu ndogo yenye roho ya nyumbani, mimi ningechagua timu ya karibu inayojua bibi wa kijijini anavyotukana kuliko timu ya mbali yenye kompyuta kubwa. Kwa gemu ya saa 60, hapana.

Kwa kila studio kwenye orodha fanya haya: nunua gemu yao moja, icheze angalau saa 3, kisha soma majina yanayopita mwishoni. Kama ni kampuni ya Uganda, itafute kwenye mfumo wa URSB wa mtandaoni uone kama ipo kweli.

Hatua ya 5: Kaa nao, uulize

Nenda ofisini kwao kama unaweza. Mazungumzo ya video huficha viti vitupu. Maswali ninayouliza siku hizi ni haya:

"Kati ya majina yaliyo mwishoni mwa gemu yenu, nani bado yuko hapa?" Studio ni watu. Jina likibaki mlangoni na mafundi wameondoka, umeajiri mlango.

"Mtahifadhije safari ya mchezaji?" Hapa ndipo RPG hufia. Kila sanduku lililofunguliwa, kila ahadi, kila mtu aliyeuawa lazima akumbukwe mchezaji akirudi kesho. Fundi wa kweli atachukua kalamu aanze kuchora jedwali. Asiyejua atasema injini inafanya yenyewe.

"Mazungumzo yatakaa wapi?" Jibu unalolitaka ni kwenye mafaili ya pembeni, nje ya msimbo, ili mfasiri ayafungue bila kumsumbua mtu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tukisikiliza filamu za ng'ambo zikitiwa Kiganda na kejeli juu, tunajua tafsiri ni nusu ya utamu.

"Ni nini kwenye gemu yetu kinawaudhi?" Hili nalipenda kuliko yote. Wakijibu "hakuna, ni nzuri sana", hawajaicheza. Studio tuliyoichagua mwishowe ilinitazama machoni ikasema, "Mzee, daraja lenu la tatu ni upuuzi, tumelivuka mara 11 kutafuta ufunguo." Nikajua tumefika.

Hatua ya 6: Wajenge kijiji kimoja kwanza

Ukiruka hatua nyingine zote, usiruke hii. Chagua kipande cha dakika 15 cha gemu ya zamani na uwalipe wakitengeneze chote, kikamilifu. Nasema uwalipe. Kuomba kazi ya bure kunakuletea walio na njaa au waongo, na wazuri wataondoka.

Kipande hicho kiwe na kila kiungo: kutembea, kuzungumza, kununua, kufungua sanduku, pigano moja, kupanda ngazi moja, kuhifadhi, kuzima, kuwasha na kuendelea. Kisiwe na mandhari ya kuvutia kupita kiasi. Sisi tulichagua kijiji cha bibi muuza dawa na pori dogo nje yake lenye fisi mmoja.

Siku ya kukikagua nilikaa na fundi wao ghorofani Ntinda, rolex yangu, chapati ya mayai, inapoa kwenye gazeti. Kijiji kilikuwa safi. Bibi alitukana vizuri. Nikatoka porini, fisi akaniua. Nikarudi, akaniua tena. Kwenye gemu ya zamani fisi huyu hajawahi kumuua mtu aliyeingia na uhai wote, hata mtoto. Fundi akasema namba ni zilezile, akanionyesha: uhai 30, fisi ana nguvu 10, kinga yetu 7. Kanuni ya zamani ilizidisha 10 kwa 10, ikagawa kwa 17, yaani nguvu 10 jumlisha kinga 7. Jibu ni 5.88. Tukatazamana. Msimbo wetu wa 2006 ulikuwa unatupa desimali zote, kwa hiyo fisi aling'ata 5. Injini mpya ilikuwa inakadiria juu, aking'ata ni 6. Pigo la sita ndilo linalomwangusha fisi. Zamani ulilifikia umeng'atwa mara 5, ukiwa na uhai 5. Sasa kung'atwa kwa tano kunakumaliza kabla hujanyanyua mkono.

Fundi hakujitetea. Aliandika kwenye daftari, "angalia kila mgawanyo", akaomba faili la namba zote za zamani. Jioni ile nilimwambia mwenzangu tusiendelee kutafuta. Ile nyingine ya nyasi na machweo ingetuambia fisi sasa ni "changamoto zaidi".

Ukiwa na wachezaji wa zamani, wape kipande hicho nao. THQ Nordic walifanya hivyo na Gothic ya 2001: Desemba 2019 walitoa kipande cha kuchezwa, wakawauliza watu kama waendelee na nini kibadilike, na baada ya majibu hayo ndipo wakaunda studio maalumu ya kazi hiyo, Alkimia Interactive, Barcelona.

*Angalizo:* usikubali video badala ya kipande. Shika kidhibiti mwenyewe.

Hatua ya 7: Mkataba

Wakili ataandika lugha yake, wewe hakikisha mambo haya yamo.

Malipo kwa awamu, kila awamu ikifungwa na kitu kinachochezwa. "Asilimia 40 ya kazi" si kitu. "Sura ya pili inachezwa mwanzo hadi mwisho na kuhifadhika" ni kitu. Malipo ya kutangulia yasizidi gharama ya awamu ya kwanza.

Ghala la msimbo (repository, mahali pa mtandaoni msimbo unapotunzwa) liwe kwenye akaunti yako tangu siku ya kwanza, wao wakialikwa humo, na kila jioni kazi ya siku ipande. Tulipoachana na studio ya kwanza tulipewa flashi moja yenye video ileile.

Andika nini kitatokea mkiachana: nani anabaki na nini, na ndani ya siku ngapi.

Bonasi ifunge na kitu kilicho mikononi mwao. Chris Avellone wa studio ya Obsidian alisema mwaka 2012 kwamba bonasi yao ya Fallout: New Vegas ilitegemea wastani wa alama 85 za wahakiki. Ikapata 84.

Na kodi: ukilipa studio isiyo mkazi wa Uganda, kwa kawaida unatakiwa kuzuia asilimia 15 ya malipo kama kodi na kuipeleka URA, mamlaka ya mapato. Mwambieni mhasibu mapema mkubaliane bei ni kabla au baada ya makato. Urafiki mwingi umefia hapo.

Hatua ya 8: Simamia kwa kucheza

Kila Ijumaa cheza walichotengeneza, saa moja, andika ulichokiona. Basi. Usiwapigie simu usiku. Ukiwa na timu ya hapa, uliza mapema kama wana betri au jenereta, maana kubadilika kwa msambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme kwenda UEDCL ya serikali mwaka 2025 hakukuondoa giza la alasiri.

Mambo yakikwama

*Studio imekuwa kimya wiki 2.* Fungua ghala la msimbo. Kama kazi inapanda, wana aibu ya kuchelewa, wapigie kwa upole. Kama hakuna kilichopanda, simamisha malipo kwa barua siku hiyohiyo.

*Kazi inazidi kunenepa.* Mara nyingi chanzo ni wewe na "tuongeze tu hiki". Nightdive walichangiwa zaidi ya dola milioni 1.3 mwaka 2016 kujenga upya System Shock, wakapanua mipango mpaka mwaka 2018 wakasimamisha kazi na kujipanga upya. Ilitoka 2023. Rudi kwenye ukurasa wako wa vitu visivyoguswa, kata vilivyo nje yake.

*Unataka kubadilisha studio katikati.* Inawezekana, ila hesabu upya kama unaanza sifuri. Bloodlines 2 ilitangazwa 2019 ikiwa kwa Hardsuit Labs, ikaondolewa kwao Februari 2021, ikakabidhiwa The Chinese Room, na kutoka Oktoba 2025. Studio mpya haipendi kufagia uchafu wa ya kwanza, na ikisema itautumia wote, muulize mwandishi wa msimbo wa pembeni.

*Wachezaji wa zamani wanalalamika sura zimebadilika.* Tenganisha malalamiko ya sura na ya namba. Sura wataizoea. Wakisema "inahisi tofauti" bila kujua kwa nini, tafuta fisi wako.

*Maneno ya Kiswahili yanatoka nje ya visanduku.* Hili litakupata kwa hakika. Visanduku vingi vilipimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. "Save" ni herufi 4, "Hifadhi" ni 7, na "Attack" ya herufi 6 inakuwa "Shambulia" ya 9. Waambie tangu Hatua ya 6 kwamba kisanduku kinyumbuke. Wakigoma, fupisha: sisi "Shambulia" tuliigeuza "Piga", na bibi muuza dawa tukamwachia matusi yake marefu yashuke mistari mitatu.